Dereva apewe dakika 15 kabla ya mashine ya pombe kumhukumu

Nchini Marekani kuna madereva wengi ambao hawawezi kuwasha magari yao kabla ya kupuliza pumzi kwenye mashine ndogo iliyofungwa karibu na usukani. Mashine hiyo ikinusa pombe kupita kiwango kilichowekwa, injini haiwaki. Dereva atabaki pale pale alipo, awe anakwenda kazini, hospitalini au kumchukua mtoto shuleni.

Mashine hii, ambayo katika makala haya tutaiita kufuli la pombe, hufungwa kwa amri ya mahakama au ya idara ya leseni katika gari la mtu aliyepatikana akiendesha huku amelewa. Jimbo la California lilianza kulijaribu kwa sheria ya mwaka 1986. Mwaka 2005, New Mexico likawa jimbo la kwanza kulilazimisha kwa kila aliyepatikana na hatia, hata kama ni kosa lake la kwanza. Leo majimbo yote 50 yana sheria ya namna moja au nyingine kuhusu kufuli hili.

Msomaji aliye Nairobi, Mombasa au Kisumu anaweza kuuliza: Hayo yananihusu nini mimi?

Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wako Wakenya wengi wanaoishi na kuendesha magari huko Marekani, na miongoni mwao wamo ndugu na watoto wetu. Pili, sisi wenyewe si wageni wa mashine za kunusa pumzi. Alcoblow ya polisi ilirudi barabarani mwishoni mwa mwaka 2013, na tangu hapo mabishano kuhusu usahihi wake hayajaisha, baa hata mahakamani.

Maoni yangu ni haya. Kufuli la pombe ni chombo kizuri na linaokoa maisha. Lakini si haki dereva yeyote, awe wa Texas au wa Thika, kuhukumiwa kwa pumzi moja tu. Apewe maji asukutue, angoje dakika 15, kisha apulize tena. Dakika hizo 15 humkinga asiyekunywa, wala hazimsaidii aliyekunywa. Nitaeleza kwa nini.

MASHINE INANUSA NINI?

Mtu akinywa pombe, huingia damuni kupitia tumbo na zaidi kupitia utumbo mwembamba. Damu inapopita mapafuni, sehemu ndogo ya pombe hiyo hugeuka mvuke na kutoka na pumzi. Kwa hesabu inayotumiwa Marekani, pombe iliyo katika lita 2.1 za pumzi ya ndani kabisa ya mapafu ni sawa na iliyo katika mililita moja ya damu. Ndiyo sababu dereva huambiwa apulize kwa nguvu na kwa muda bila kukatiza. Mashine inataka hewa ya chini mapafuni, si ya juu juu mdomoni.

Ndani ya mashine mna kidude chenye madini ya platini. Mvuke wa pombe ukifika hapo, kemikali hubadilika na umeme kidogo sana hutokea. Pombe ikiwa nyingi, umeme nao huwa mwingi, na mashine huandika tarakimu kulingana na umeme huo.

Katika majimbo mengi ya Marekani, kufuli hukataa kuwasha gari likisoma 0.02 au 0.025, yaani gramu hizo za pombe katika kila mililita 100 za damu. Hicho ni kiwango kidogo sana. Dereva mtu mzima wa kawaida katika majimbo mengi hushtakiwa akifikisha 0.08.

Na hapa ndipo tatizo linapoanzia. Kwa kuwa kiwango ni kidogo hivyo, hata mvuke kidogo unatosha kulikasirisha kufuli. Tena mashine haijui mvuke umetoka wapi. Haiwezi kutofautisha kati ya pombe iliyopanda kutoka mapafuni na tone lililobaki kwenye ufizi.

POMBE YA MDOMONI

Pombe iliyobaki kinywani ndiyo sababu kubwa ya matokeo ya uongo. Si lazima mtu awe ameonja bia. Iko katika vitu vingi ambavyo watu wa heshima hutumia kila siku.

Dawa za kusukutua mdomo ziko mstari wa mbele. Baadhi yake zina pombe zaidi ya asilimia 20, kiasi ambacho bia ya kawaida haikikaribii. Dereva anayesukutua kwa dawa hiyo kisha akakimbilia garini atapata tarakimu ya kutisha, ingawa hajameza hata tone. Dawa nyingi za kikohozi nazo zina pombe. Kadhalika marashi ya mdomoni ya kuondoa harufu, na baadhi ya vipulizio vya wagonjwa wa pumu.

Vyakula pia vimo. Mkate na maandazi yaliyoumuliwa kwa hamira huweza kubaki na pombe kidogo sana, hasa yakiwa bado ya moto. Matunda yaliyoiva kupita kiasi, maji ya matunda yaliyokaa siku nyingi, na uji uliochachushwa, vyote vimepitiwa na hamira ya asili inayogeuza sukari kuwa pombe. Kiasi hicho hakimleweshi mtoto wala mzee. Lakini kikikwama kati ya meno, mashine itakiona.

Habari njema ni kwamba pombe ya mdomoni haina maisha marefu. Mate huiosha na hewa huikausha. Baada ya dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, huwa imekwisha. Kusukutua kwa maji safi huharakisha kazi hiyo.

Kwa hiyo dereva mwenye kufuli la pombe afuate desturi hii: asile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa dakika 15 kabla ya kupuliza. Asukutue kwa maji. Anunue dawa ya mdomo na ya kikohozi isiyo na pombe, na asome karatasi ya chupa badala ya kumwamini muuzaji.

Akumbuke pia kwamba kufuli humwamuru apulize tena akiwa tayari safarini. Mara ya kwanza huja dakika chache baada ya kuondoka, na baadaye wakati wowote. Asipopuliza, au akishindwa, injini haizimwi katikati ya barabara kama watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa hilo lingeweza kusababisha ajali. Bali kosa huandikwa katika kumbukumbu ya mashine, na honi au taa zinaweza kuanza kupiga kelele. Kwa hiyo andazi la kula huku ukiendesha ni la kuliacha nyumbani.

KUPULIZA MARA MBILI

Sasa tuangalie nguvu ya dakika 15 kwa hesabu.

Tuseme dereva amepuliza na mashine ikaandika 0.060. Anasukutua kwa maji, anangoja robo saa, anapuliza tena. Ikiwa ile ilikuwa pombe ya mdomoni tu, mashine itaandika 0.000 au karibu na hapo. Lakini ikiwa ilikuwa damuni, hali ni nyingine kabisa. Ini la mtu wa kawaida huondoa takriban 0.015 kwa saa nzima. Katika robo saa litaondoa kiasi cha 0.004 tu. Mashine itaandika karibu 0.056, na mlevi atabaki kuwa mlevi.

Hii ndiyo hoja yangu kubwa. Wako wanaopinga kumpa dereva nafasi ya pili wakisema atatumia muda huo kutoroka sheria. Lakini atatorokea wapi? Dakika 15 hazimwondolei mtu chupa mbili za bia. Zinachofanya ni kutenganisha kinywa na damu, jambo ambalo mashine peke yake haiwezi kulifanya kwa pumzi moja. Tena pumzi ya pili itaongeza uzito wa ushahidi wa polisi.

SI KILA TARAKIMU NI YA UONGO

Ni lazima pia tuseme ukweli ambao madereva hawapendi kuusikia. Wengi wanaolalamika kwamba mashine imewasingizia, wamesingiziwa na usingizi wao. Wanadhani pombe ya jana imekwenda na jana.

Chukua mtu aliyeacha kunywa saa nane usiku akiwa na 0.12 damuni. Kwa mwendo wa 0.015 kwa saa, ini lake linahitaji saa nane kuimaliza, yaani mpaka saa nne asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri, akiwa ameoga, amevaa tai na anajisikia mzima, bado ana karibu 0.06. Kufuli likimkatalia, halijakosea hata kidogo.

Kahawa nzito haitamsaidia. Maji baridi hayatamsaidia. Supu ya mbuzi ni tamu lakini haina uwezo wa kulisukuma ini liende mbio. Peremende na chingamu hubadilisha harufu inayosikika na mkewe, si mvuke unaonuswa na platini. Tiba ni saa, na si nyingine.

Yule anayetafuta hila za kulidanganya kufuli, au anayemwomba mtoto apulize kwa niaba yake, hana chake katika makala haya. Mashine nyingi za siku hizi zina kamera, na kumpulizia mtu mwingine ni kosa katika majimbo mengi. Tunamzungumzia aliye safi anayetaka usafi wake uonekane.

MAGONJWA NA VYAKULA VYA KUPUNGUZA UNENE

Wako watu ambao miili yao yenyewe huwaletea matata, na hao wanastahili kusikilizwa na daktari kabla ya hakimu.

Mwaka 2007, wataalamu wawili, A. W. Jones na S. Rössner, walichapisha kisa cha mwanamume mwenye umri wa miaka 59 aliyekuwa akipunguza unene kwa kula chakula kidogo mno. Gari lake lilikuwa na kufuli la pombe, nalo likakataa kuwaka. Alishangaa na kukasirika, kwa kuwa hakuwa mnywaji kabisa.

Maelezo yao yalikuwa hivi. Mtu asiyekula wanga wa kutosha, mwili wake huanza kuyachoma mafuta. Katika kuyachoma hutokea kemikali iitwayo asetoni. Platini ya mashine haishughuliki sana na asetoni. Lakini ini linaweza kuigeuza asetoni kuwa aisopropanoli, ambayo ni jamaa ya pombe ya kunywa. Hiyo ndiyo platini huiona na kuihesabu kama ulevi.

Katika miji yetu siku hizi wako wengi wanaoacha ugali, chapati na wali kwa wiki nyingi ili wapungue. Sisemi wasifanye hivyo, ila ni vizuri wajue kwamba pumzi yao imebadilika. Naye mgonjwa wa kisukari ambaye pumzi yake inanukia kama matunda asikimbilie kubishana na mashine. Aende hospitali haraka, maana hiyo inaweza kuwa dalili kwamba sukari yake imetoka nje ya mkono na maisha yake yako hatarini.

Kuna ugonjwa mwingine adimu sana ambapo vijidudu vya jamii ya hamira vilivyomo tumboni hugeuza wanga kuwa pombe. Aprili mwaka 2024, mahakama mjini Bruges, Ubelgiji, ilimwachilia mwanamume aliyeshtakiwa kuendesha akiwa amelewa baada ya madaktari kuthibitisha kwamba anaugua hivyo. Mashine haikukosea, kwa kuwa pombe ilikuwamo kweli mwilini mwake. Kilichomwokoa ni kupimwa na madaktari, na mahakama kukubali kuwasikiliza.

Mwisho kuna wale wenye mapafu dhaifu. Mtu mwenye pumu kali, mzee, au mwanamke mwenye kifua kidogo anaweza kushindwa kutoa pumzi ya kutosha. Mashine humwandika kuwa ameshindwa, na asiyejua husoma hapo kwamba amekataa kupimwa. Huyo apate barua ya daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya mashine zinaweza kurekebishwa zipokee pumzi ndogo zaidi.

MASHINE NAYO ITUNZWE

Kufuli la pombe ni chombo kama mizani ya duka. Mizani isipokaguliwa, mnunuzi ndiye huumia. Huko Marekani gari hupelekwa kwa fundi kila baada ya siku 30 hadi 60 au zaidi kidogo, kutegemea jimbo, ili mashine ipimwe kwa hewa yenye pombe ya kiasi kinachojulikana. Dereva asiruke siku hiyo hata moja.

Hewa ya ndani ya gari nayo ina neno. Sanitaiza ya mikono ina pombe nyingi kuliko pombe kali ya dukani. Dereva akijipaka kisha akashika mdomo wa mashine hapo hapo, mvuke utaingia. Marashi ya kupuliza na maji ya kusafishia kioo cha mbele huweza kuleta shida hiyo hiyo. Afungue madirisha, aache mikono ikauke, angoje mashine ipate joto lake, ndipo apulize.

Likitokea la kutokea, aandike saa, tarakimu aliyoiona, na alichokula au kutumia kabla yake. Asiondoke akakaa kimya. Asukutue, angoje, apulize tena. Tarakimu ya pili iliyo sifuri, iliyoandikwa na mashine ile ile dakika 15 baadaye, ni shahidi bora kuliko kiapo. Akiweza, siku hiyo hiyo akapimwe damu hospitalini.

SOMO KWETU KENYA

Nisieleweke kuwa nawatetea walevi. Katika miaka ya karibuni barabara zetu zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu au wamebebwa kwa pikipiki. Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema kufuli la pombe likiwa garini hupunguza kurudiwa kwa kosa kwa takriban asilimia 70. Ufaransa ilifanya kufuli hilo kuwa lazima katika mabasi yake ya safari ndefu mwaka 2015. Abiria wetu wa usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa au Busia hastahili kinga pungufu kuliko abiria wa Ufaransa, na ningefurahi kuiona siku ambayo basi lake halitawaka mpaka dereva apulize.

Lakini chombo cha namna hiyo huishi kwa imani ya wananchi. Dereva mmoja aliyekula maandazi na kunywa dawa ya kikohozi akifutwa kazi kwa tarakimu ya uongo, wenzake mia watasema mashine yote ni ya uongo. Na hapo mlevi halisi atapata mahali pa kujificha. Tumeshaliona hilo kwa Alcoblow: kila anayekamatwa hudai mashine ni mbovu, na kwa kuwa wananchi hawakuelezwa inavyofanya kazi, huaminiwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yawe kwa kifaa cha polisi barabarani leo au kwa kufuli la ndani ya gari kesho. Kila dereva aliyepatikana na tarakimu ya juu asukutue kwa maji na apimwe tena baada ya dakika 15, na tarakimu zote mbili ziandikwe. Kila mashine iwe na cheti cha kukaguliwa ambacho dereva anaweza kukiona. Anayebisha apelekwe kupimwa damu bila kucheleweshwa. Na maelezo yote yatolewe kwa lugha anayoielewa dereva, si kwa maandishi madogo ya Kiingereza nyuma ya karatasi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Chupa ya maji, saa ya mkononi na daftari vinatosha kuanzia.

Haraka haraka haina baraka. Robo saa si muda mrefu kwa polisi aliyesimama kizuizini usiku kucha, wala kwa hakimu ambaye atakaa na kesi hiyo miezi. Kwa dereva ambaye hajaonja pombe, robo saa hiyo ndiyo kazi yake, leseni yake na jina lake mbele ya watoto wake. Apewe.